Posho ya Mtoto si Mali ya Serikali

Familia nyingi za kwetu, tangu Uvira na Bukavu mpaka Lubumbashi, zina ndugu waliohamia Kanada au Marekani, wengi wao wakimbizi wa vita. Habari zao tunazipenda. Twauliza juu ya theluji, juu ya mishahara, juu ya shule za watoto. Lakini iko habari moja isiyosimuliwa sana, maana ni habari ya watu walioachana na ya watu waliokosa kazi, na mambo hayo mawili hakuna apendaye kuyaandikia nyumbani. Ni habari ya posho ya mtoto, na jinsi serikali za nchi zile tajiri zilivyonyoosha mkono kuichukua. Sisi tumeona yafaa kuisema wazi.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mambo haya yanakuwa maneno matupu.

Huko, baba na mama wakiachana, yule asiyekaa na watoto hupaswa kutoa fedha kila mwezi kwa ajili ya chakula chao, nguo zao na nyumba yao. Hayo ndiyo matunzo ya mtoto. Hakimu huyaandika katika karatasi ya tribinali. Kanada, tangu 1997, yapo hata majedwali ya serikali yanayoonyesha kiasi cha kulipa kwa kufuata mapato ya mlipaji na idadi ya watoto. Mara nyingine hakimu huongeza matunzo ya mwenzi mwenyewe, yule aliyekaa nyumbani kulea na sasa hana kazi wala akiba. Mara nyingi mwenzi huyo ni mke, ingawa mume naye aweza kupewa. Huo ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni msaada wa serikali: mtu asiye na kazi wala mali hupewa fedha kidogo za mwezi apate kulipa nyumba na kula. Wenye msaada huo hawana raha, msidanganyike na picha. Katika miji kama Vancouver na Toronto kodi ya nyumba peke yake yaweza kuumeza wote.

Sasa tuchukue mfano, wala si wa mtu fulani. Mama ana watoto wawili. Msaada wake ni dola 1,000 kwa mwezi. Baba watoto, dereva wa lori, ameamriwa kutoa dola 300. Msomaji atadhani kwamba mama atakuwa na dola 1,300. Sivyo. Kwa sheria iliyotawala huko miaka mingi, karani alizihesabu zile 300 za baba, akazikata katika msaada, na mama akabaki na 1,000 zile zile. Baba akilipa, 1,000. Baba asipolipa, 1,000. Baba akipandishwa mshahara na hakimu akaongeza matunzo mpaka 500, bado ni 1,000. Nani basi aliyepokea fedha za baba? Serikali. Mtoto, ambaye jina lake liliandikwa katika hukumu, hakupata hata soksi.

Tumeandika neno posho kwa makusudi. Wazee waliofanya kazi Katanga, katika kambi za Union Minière, walijua vizuri. Posho ilikuwa chakula kilichopimiwa mfanyakazi, na mke wake na watoto wake walihesabiwa pia. Hatusemi kwamba maisha ya kambi yalikuwa mema. Kampuni haikutoa posho kwa huruma, bali ilitaka watu wenye nguvu za kushika sururu. Lakini hata hivyo kila mama alijua kipimo cha mtoto wake. Sasa fikirini mwenye ghala angalimwambia, "Mama, tumesikia mjomba wa mtoto amemletea kikapu cha unga. Kwa hiyo leo unga wa namna hiyo hiyo unabaki kwetu ghalani." Watu wa kambi wangalicheka kwanza, halafu wangalikasirika.

Desturi hii haikuzaliwa jana. Uingereza, mwaka 1576, sheria iliwapa waamuzi uwezo wa kumlipisha baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Tukisoma upesi twaweza kusifu: tazama, walimkumbuka mtoto! Lakini sababu yao ilikuwa nyingine. Wakati ule parokia ndiyo iliyotozwa fedha za kulisha maskini wa mahali pake, na sheria ilitaka parokia isipate hasara. (Parokia, neno hilo sisi tulijualo kwa mambo mengine, huko lilikuwa pia jina la mfuko wa kodi.) Mwaka 1834 ikaja sheria mpya ya maskini, nayo ilizidi ukali: mzigo wa mtoto wa namna hiyo uliwekwa juu ya mama yake, na kama baba alilipishwa kitu, fedha ziliingia katika mfuko wa parokia, mama asiruhusiwe kuzigusa. Mwaka 1844 ndipo mama alipopata ruhusa ya kwenda mwenyewe mbele ya waamuzi na kudai kwa jina lake. Tangu 1576 mpaka 1844 ni miaka 268. Muda huo wote watu wenye akili na elimu waliona ni haki kabisa mfuko ulipwe kabla ya tumbo la mtoto.

Marekani ikapita njia ile ile. Sheria ya 1935 ilianzisha msaada kwa watoto waliokosa tegemeo la mzazi. Mwanzoni wengi wa mama zao walidhaniwa kuwa wajane. Baadaye walizidi kuwa wake walioachwa na mama wasioolewa, na wakubwa wakaanza kunung'unika: mbona baba wako hai, na sisi ndio tunaolisha? Mwezi wa kwanza wa 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya kuwafuatia baba hao. Kwa sheria hiyo mama aliyetaka msaada alipaswa kuikabidhi serikali haki yake ya matunzo, na kuisaidia kumtafuta baba: jina lake, kazi yake, mahali akaapo. Fedha zilizopatikana zilirudishwa katika sanduku la serikali kulipa msaada uliokwisha kutolewa. Mwaka 1984 waliona haya kidogo, wakaagiza dola 50 za kwanza za kila mwezi zimfikie mama bila kukatwa. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria nyingine iliyoondoa lazima hiyo na kuliachia kila jimbo lifanye lipendavyo. Majimbo mengi yakapenda kufuta hata zile 50. Na mama asiyekubali kusaidia kumtafuta baba, bila sababu inayokubaliwa, hukatwa angalau robo ya msaada wake.

Tusimame hapo kwenye robo hiyo. Baba amekimbia, lakini anayekatwa ni mama. Yeye hakukimbia. Yeye yuko pale pale mbele ya karani, na mtoto mgongoni, na ndiyo maana ni rahisi kumpata.

Watu hufanya nini mbele ya sheria ya namna hiyo? Wanafanya kama watu wa mahali popote. Baba mwenye moyo hujiuliza, "Nilipe kwa nani? Nikipitisha dola 300 kwa biro ya serikali, watoto wangu hawatazisikia hata harufu." Basi anakwepa biro, anapita nyumbani jioni na mfuko wa mchele na viatu vya baridi, na kumtia mama noti mbili mkononi. Mama anajua kwamba kwa sheria yampasa kuzitangaza. Akizitangaza, zitakatwa. Asipozitangaza, amekuwa mwongo mbele ya serikali, na siku jirani mwenye wivu atakapomshtaki atadaiwa kurudisha fedha zote. Kwa hiyo mtu mwaminifu hukaa na njaa na mtu mjanja hushiba kwa hofu. Baba asiye na moyo, huyo amepata udhuru wa bure. Atawaambia watu bila kuona aibu, "Kwa nini nilipe? Si serikali ndiyo inayozila?" Na ubaya wake ni kwamba hasemi uongo.

Yuko pia mama aliyepigwa. Mume alikuwa akimtesa, naye alikimbia usiku na watoto. Sasa karani anamwomba jina na makao ya mtu yule, ili serikali imwandikie barua ya kumdai. Barua hiyo ikimfikia, mume atajua kwamba mkewe yu hai, yuko mji fulani, na amemshtaki. Ni kweli kwamba sheria za Marekani na za majimbo ya Kanada ziliwaachia nafasi wenye hofu kama hiyo. Lakini nafasi hiyo huombwa. Yampasa mwanamke aeleze mapigo yake kwa mtu asiyemjua, juu ya meza yenye kalamu na fomu, huku wengine wakingoja nyuma yake. Wangapi kati ya mama na dada zetu wangeweza? Mkimbizi aliyetoka Kivu, ambaye hata lugha ya karani haijui, na mkalimani wake ni rafiki wa mume?

Wengine watasema tunatia chumvi, kwamba baba hulipa au halipi kwa tabia yake, wala haangalii fedha zaishia wapi. Jambo hilo lilijaribiwa. Katika jimbo la Wisconsin, tangu 1997, akina mama wengi waliokuwa katika msaada waliachiwa matunzo yote yaliyolipwa, na wengine, waliochaguliwa kama kwa kura, waliachiwa sehemu tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliyafuata makundi yote mawili. Wakaona kwamba kule matunzo yalikofika nyumbani, baba wengi zaidi walilipa, na watoto wasio na baba katika maandishi walipata kuandikiwa baba upesi zaidi. Tena gharama ya serikali haikupanda kwa kiasi cha kutisha kama walivyoogopa. Jimbo la Colorado nalo, tangu mwezi wa nne wa 2017, lilianza kuwapitishia mama hao matunzo yote ya mwezi bila kuyakata katika msaada. Basi baba haangalii? Anaangalia sana. Sisi wenyewe tungeangalia.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana si wapumbavu, na baadhi ya maneno yao yana uzito.

Husema kwanza: mama huyo anakula mara mbili. Serikali inampa fedha za kulisha watoto, na baba anampa fedha za kulisha watoto wale wale. Neno hili lingekuwa kweli kama msaada ungemshibisha mtu. Lakini mtu aliyepewa nusu sahani, akiongezewa robo sahani na mwingine, hajala mara mbili. Bado anangoja robo. Serikali zenyewe huweka msaada chini kwa makusudi, ati watu wasipende kukaa humo. Haiwezekani kumwekea mtu sahani ndogo kwa makusudi, kisha kumwambia kwamba kila kijiko kingine ni ulafi.

Husema tena: na yule jirani yake? Mama wa pili ana watoto wawili vilevile, lakini baba wao amekufa, au yuko gerezani, au hana kitu. Huyo atabaki na 1,000, na mwenzake ana 1,300. Je, ni haki? Neno hili tulilifikiri kwa muda mrefu kuliko mengine, na hatusemi kwamba ni bure. Kweli, watoto wa mama wa pili wana njaa ile ile. Lakini dawa yake ni kumwongezea huyo wa pili. Kumnyang'anya wa kwanza hakumletei wa pili hata punje moja. Zile 300 haziendi nyumbani kwake, zinakwenda katika sanduku. Tungependa kuwasikia wanaosema maneno haya wakiomba msaada wa mama wa pili upandishwe. Mpaka leo hatujawasikia wengi.

Husema tatu: fedha ni za walipa kodi. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kwenda kazini, kwa nini alishe watoto ambao baba yao anao uwezo? Hapa sisi tu upande wao kabisa. Baba mwenye uwezo alipe, afuatwe, akatwe katika mshahara wake, asipewe nafasi ya kujificha. Baba anayewaacha watoto wake kwa serikali na kujinunulia gari amefanya jambo la aibu, awe Mkanada au Mkongomani. Lakini akishalipa, alipe kwa watoto. Mlipa kodi atapata faida yake siku mama atakapotoka katika msaada, na huyo mwenye kitu kidogo cha kuanzia, mwenye nauli ya basi na mtu wa kumwangalilia mtoto, hutoka upesi kuliko asiye na kitu.

Uingereza, nchi ile ile ya 1576, ilichelewa lakini ikaelewa. Idara yake ya kukusanya matunzo ilipoanza kazi mwezi wa nne wa 1993, kila pauni iliyopatikana ilikatwa katika msaada mkuu wa maskini, na watu wakasema wazi kwamba idara iliundwa kujaza hazina. Mwaka 2003 mama walianza kuachiwa pauni 10 kwa juma, nao ni wale tu wa mpango mpya. Mwaka 2008 zikawa 20. Tangu mwezi wa nne wa 2010 hazikatwi tena hata kidogo.

Turudi Kanada. Huko habari za msaada hutawaliwa na kila jimbo, na jimbo la British Columbia, lile la magharibi lenye Vancouver, lilikuwa likikata matunzo dola kwa dola. Akina mama maskini na watetezi wao walipiga kelele kwa miaka. Waliandika, walisimama mbele ya nyumba ya bunge, walikwenda kwa avoka. Jawabu lilikuwa lile lile: msaada ni kimbilio la mwisho, kila pato lazima lihesabiwe kwanza. Halafu, tangu tarehe 1 ya mwezi wa tisa 2015, jimbo likaacha kukata matunzo ya mtoto. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba familia 3,200 hivi, zenye watoto 5,400 hivi, zingepata faida. Ontario ikafuata mwanzoni mwa 2017, na Nova Scotia mwezi wa nane 2018.

Twashukuru, lakini twauliza: mwaka 2014 matunzo yalikuwa ya nani? Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka 2000 alimaliza utoto wake wote chini ya sheria ya zamani. Mahakama Kuu ya Kanada ilikuwa imekwisha kusema tangu 1987 kwamba matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe, mzazi hawezi kuiuza wala kuisamehe. Ikarudia 2006. Kama mzazi aliyemzaa hana ruhusa ya kuiuza haki hiyo, serikali iliyokuta mtoto amekwisha zaliwa ilipata wapi ruhusa ya kuila? Mama alitia sahihi, watasema. Ndiyo, alitia sahihi. Mtu mwenye watoto wenye njaa hutia sahihi karatasi yoyote uiwekayo mbele yake, na sahihi ya namna hiyo isitufanye tulale usingizi.

Iko kesi moja iliyotoka British Columbia mpaka Mahakama Kuu, na sababu za hukumu yake zilitangazwa mwezi wa tisa 2020. Majina hatuyaandiki, ni watu binafsi. Baba alikuwa ameficha ukubwa wa mapato yake karibu kila mwaka, akalipa matunzo madogo kuliko yaliyompasa. Mama alikuwa akiishi kwa msaada, na haki yake ya matunzo alikuwa ameikabidhi serikali. Mtoto alikua katika shida, akawa mtu mzima, na matunzo yakasimamishwa. Ndipo ukweli ulipofuatiliwa. Baba akasema kwamba mtoto si mtoto tena, mambo yamekwisha. Mahakama ikakataa. Ikamwamuru alipe dola 23,000 za miaka iliyopita, kwani deni kwa mtoto haliishi kwa sababu mtoto amekuwa mrefu.

Hukumu hiyo ilitufurahisha, ila twaona ndani yake jambo ambalo watu hawakulitaja sana. Kwa nini uongo wa baba ulidumu miaka mingi hivyo? Nani alikuwa na sababu ya kuchungulia mapato yake? Mama chini ya sheria ya kukatwa hana faida ya kudai zaidi, maana kila dola itakayoongezwa itakwenda serikalini. Na karani wa serikali, ambaye deni limekabidhiwa kwake, ana mafaili mia mbele yake, wala mtoto huyo si wake. Ndivyo inavyokuwa haki ikitolewa mkononi mwa mwenyewe. Leta, kama tuiitavyo serikali kwetu, yaweza kuwa na nguvu nyingi, lakini haina macho ya mama.

Sasa tufike mahali penye ubishi mkubwa zaidi, yaani matunzo ya mwenzi. British Columbia mwaka 2015, Ontario 2017, Nova Scotia 2018, wote walifungua mlango kwa matunzo ya mtoto na kuyaacha nje matunzo ya mke. Hayo yalibaki kuhesabiwa kuwa pato, na pato hukatwa. Sababu yao tunaielewa: ya mtoto ni ya mtoto, lakini ya mke ni ya mtu mzima, ni fedha za kumlisha yeye, na msaada nao ni fedha za kumlisha yeye. Hata baadhi ya waliotetea watoto kwa nguvu walinyamaza walipofika hapa. Twakubali kwamba hoja hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Lakini tuitazame vizuri.

Hakimu humpa mke matunzo kwa sababu gani? Sheria ya talaka ya Kanada ya 1985 inazitaja. Mojawapo ni shida, ndiyo. Lakini haianzi na shida. Inataja hasara na faida ambazo ndoa iliwaletea wawili hao, na gharama ya kulea watoto isiyohesabiwa katika matunzo ya watoto. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ilieleza kwa urefu kwamba matunzo hayo ni malipo ya hasara ambayo mwenzi mmoja aliipata kwa ajili ya ndoa. Yaani mke aliacha masomo, akaacha kazi, akalea, akapika, akafua, na mume akapanda cheo kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu. Wakiachana, cheo huondoka na mume, na mke hubaki na mikono iliyochoka. Hakimu anaposema mume amlipe, hasemi ampe sadaka. Anasema alipe deni la kazi iliyokwisha kufanywa.

Kama ni hivyo, fedha hizo ziko karibu na mshahara kuliko na kitu kingine. Ni mshahara uliochelewa. Na sufuria ya nyumba hiyo ni moja: mama hapiki bukari yake kando na ya watoto. Dola ya matunzo ya mke iliyokatwa, watoto ndio wanaoiona mezani haipo.

Basi tuone mshahara unavyotendewa. Ontario, katika msaada wa kawaida, mtu akisha kukaa humo miezi mitatu akapata kazi ndogo, huachiwa dola 200 za kwanza za kila mwezi, na nusu ya zinazozidi. Sheria hiyo ni ya akili. Inamtia mtu moyo. Mama akienda kufagia ofisi usiku na kupata dola 400, zinakatwa 100 tu, anabaki na 300 juu ya msaada wake. Mama mwingine amefagia nyumba ya mume wake miaka kumi na mitano, na tribinali imeandika kwamba mume amlipe dola 400 kwa mwezi. Huyo anakwenda kwa karani yule yule, na karatasi yenye muhuri wa hakimu, na zinakatwa zote 400. Kazi ya usiku mmoja katika ofisi ya watu wengine imehesabiwa kuwa kazi. Ile ya miaka kumi na mitano haikuhesabiwa.

Hatuombi makubwa. Mstari ule unaomwachia mfanyakazi dola 200 na nusu ya zinazozidi umekwisha andikwa, makarani wanaujua, mashine zao zinaupiga hesabu kila mwezi. Waongeze ndani yake maneno haya tu: na matunzo ya mwenzi.